Ufagio wa Saturnina

Daktari wa Potosí alichora duara juu ya bahasha,
akatia vitone ndani, akasema: hawa ni askari.
Alisema kwa Kihispania. Mama akanitazama,
maana Kihispania chake kinaishia sokoni:
bei, uzito, chenji.
Nami nilikuwa na miaka kumi na saba
na neno moja mdomoni, refu kama treni ya madini,
lisilo na stesheni katika Kikechua.

Nikaanza na mbwa.
Mama, ni kama mbwa anayemng'ata mwenye nyumba.
Akasema, Mbwa wetu hang'ati.
Nikajaribu vita: jeshi linaloupiga mji wake lenyewe.
Akasema, Huo si ugonjwa, hiyo ni serikali.
Daktari akauliza, Amesema nini?
Nikajibu, Anasema asante.

Miaka ishirini na miwili mama alikwangua chumvi Colchani,
akiirundika vichuguu vichuguu ikauke,
jua likimpiga kutoka juu,
chumvi ikimrudishia lilelile kutoka chini,
mpaka wekundu ukamwota usoni,
mbawa mbili, pua katikati.
Wenzake walisema jua limempenda.
Kisha vidole vikakataa koleo asubuhi.
Kisha nywele kwenye kitana.
Kisha mkojo wenye povu
kama sufuria ya kinoa inayoanza kuchemka.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Mama huvaa sketi nne. Nilizikung'uta zote.

Lupus, daktari aliandika,
na chini yake vidonge:
hivi vitamvimbisha uso, asiogope;
hivi ni ndugu wa klorokwini, dawa ya malaria,
katika nchi ya baridi ambamo mbu hajawahi kuzaliwa.
Ajifiche jua. Apimwe macho kila mwaka.
Halafu, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango:
figo zimeguswa, mwambie apunguze chumvi.

Hilo nililitafsiri polepole.

Basi lilitufikisha nyumbani saa sita usiku.
Mama hakulala. Alimenya viazi gizani,
na alipofika cha tatu au cha nne akasema:
Unamkumbuka mama yangu?

Nilimkumbuka. Bibi Saturnina, mwaka wake wa mwisho,
aliamka usiku na ufagio akatupiga sote,
mjomba Eusebio akang'oka jino.
Wezi! Tokeni nyumbani kwa watoto wangu!
Na watoto wenyewe ndio sisi, tumejikunyata ukutani.

Hakuwa na chuki, mama akasema.
Alikuwa analinda. Alisahau sura tu.

Viazi vikaendelea kumenywa.
Tulimficha ufagio, wakumbuka?
Na wiki ileile wezi wa kweli wakaja,
wakaondoka na lama wawili.
Kwa hiyo tukamrudishia, lakini mfupi,
ule wa kufagilia jiko.

Daktari hakuwa amechora hilo.
Nilitaka kumrudia na bahasha yake
nimwambie afute wale askari,
aweke bikizee mmoja na kijiti cha ufagio,
aandike kando: msimuue, ni wetu,
mtulizeni, na mfunge mlango vizuri.

Sasa mama hushona magunia ndani,
dirisha limebandikwa magazeti.
Siku nyingine huamka mzima kabisa,
huimba, hugombana na redio, tunadanganyika.
Siku nyingine hata kijiko ni kizito.
Viazi vyetu havina ladha. Tumezoea; hapana, hatujazoea.

Usiku namsikia akivipaka vidole mafuta,
akivisemesha kimoja kimoja,
kwa sauti ileile aliyoitumia ukutani:
Ni mimi, mama. Ni mimi. Weka chini.

Kidole cha pete ndicho kibishi.